Bareti Mjane

Siku tano mfululizo Wivine alilala na viatu miguuni. Hakuwa peke yake. Tangu mlima uteme moto Jumamosi jioni, mtaa mzima wa Birere ulilala hivyo, viatu miguuni na mlango umeegeshwa tu, maana ardhi ilitetemeka usiku na mchana na hakuna aliyetaka kutafuta kandambili gizani huku ukuta ukimwangukia. Asubuhi watu waliulizana wamelalaje, wakajibiana wamelala salama, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anadanganya.

Lakini Wivine, kama ungembana akakwambia ukweli, asingekutajia tetemeko. Angekutajia mtu. Théogène hakuonekana tangu Jumamosi ile. Nyumba yao ilikuwa upande wa Munigi, na kila aliyetoka huko alisema lava imepita palepale na bado inafuka moshi juu ya makazi ya watu. Simu yake haikupatikana. Ujumbe wa Wivine ulikaa na alama moja Jumapili, ukakaa na alama moja Jumatatu, na kufikia Jumatano alikuwa ameacha kuutazama kwa kuogopa kuichosha bahati.

Na katika mtoto wa meza, dukani kwa baba yake, ilikuwamo bareti moja iliyokuwa ikimtazama kila alipofungua kutafuta bisibisi.

Niwaeleze habari ya bareti, kwa sababu bila hiyo hakuna kisa. Bareti ni kile kipande chembamba, kirefu kuliko kidole, kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili iweze kushika kazi nyingi kwa mara moja. Papa Grégoire, baba yake Wivine, aliuza bareti na vipuri vingine vyote, akiviagiza Dubai kupitia ndugu zake wa Butembo. Yeye alijua biashara, binti yake alijua mashine. Ndiye Wivine aliyeunga kompyuta za mezani za watu, kipande kwa kipande, na mafundi wanaume wa mtaa mzima walikuwa wameshakubali kwamba pale hawana la kusema.

Bareti nzuri huja mbili katika sanduku moja. Zimetoka kiwandani pamoja, zimepimwa pamoja, mwendo wao ni mmoja. Amri ya Papa Grégoire kuhusu hilo haikuwa na mjadala: sanduku haligawanywi. Ukishauza moja, ile inayobaki haipati mtu wa kuitaka, kwa sababu kila mteja anataka jozi. Itakaa na vumbi mpaka iitwe mali ya zamani. Pale dukani waliiita mjane.

Sasa huyo Théogène alikuja mara ya kwanza mwezi wa tatu, na karatasi mkononi, jina la kila kipuri limeandikwa kwa herufi safi za mtoto wa shule. Alikuwa akikusanya kompyuta ya kutengenezea video za harusi. Kasha alilipata kwa mtu aliyehama, carte mère, ule ubao mkuu wa mashine, akainunua kwa mwingine, na alichobakiza ni bareti ya kumbukumbu tu. Aliweka karatasi juu ya meza, kando ya carte mère aliyokuja nayo, akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Niko nataka bareti ya 3200," alisema.

"Nani alikuambia 3200?"

"Watu ya YouTube."

"Watu ya YouTube hawajaona carte mère yako." Wivine aliigeuza ile carte mère chini ya taa. "Hii mwisho ya mbio yake ni 2666. Utaitia ya 3200, itashuka itembee 2666. Utakuwa umelipia mbio yenye hautaitumia."

Théogène alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Wivine hakuwa amezoea kusikilizwa hivyo. Wateja wengi wa kiume, akishawaeleza, huuliza kama baba yupo. Huyu akafikiri kidogo kisha akauliza la kwake.

"Na nikitia moja ya mbio na moja ya polepole?"

"Ya mbio itangojea ya polepole. Zote mbili zitatembea mwendo ya ile ya polepole."

"Na ile ya mbio haikasirike?"

Wivine alicheka. Alicheka mpaka Papa Grégoire, kule nyuma ya maboksi, akainua macho kutoka kwenye karatasi zake.

Mpaka hapo binti alikuwa fundi mwaminifu. Alikuwa amemwepusha mtu na hasara, amemchagulia mwendo unaomfaa, amemtolea sanduku la 2666 lenye bareti mbili za giga nane nane. Kilichobaki kilikuwa kumwambia neno moja tu: zichukue zote mbili, kwa sababu mbili zikikaa pamoja kazi inapita kwa wepesi, na video inataka nafasi. Neno hilo analijua hata akiwa usingizini. Lakini alitazama zile herufi safi kwenye karatasi, akatazama yale macho, akapiga hesabu ya haraka ambayo haikuhusu mashine. Akichukua zote mbili leo, kompyuta imekwisha. Atapanda pikipiki kwenda Munigi na hana sababu ya kurudi.

"Chukua moja kwanza," alimwambia. "Ingine utakuja kuchukua kisha. Moja inatosha ya kuanzia."

Akachana sanduku. Akaichomeka ile bareti kwa mkono wake mwenyewe, akaibana pande zote mbili mpaka iitike, kisha akabandika kile kijikaratasi cha garantie, dhamana ya duka, walichobandika juu ya kila mali: tarehe, 12/3, na herufi ya jina lake. Baba alikuwa ameshatoka kwenda benki. Sanduku, lenye bareti moja na nafasi moja tupu, Wivine alilisukumia nyuma kabisa ya mtoto wa meza.

Hila ilifanya kazi, tena kupita alivyotarajia. Théogène alirudi wiki iliyofuata kuuliza habari ya vumbi. Akarudi kwa sababu ya skrubu moja. Akarudi kuuliza Wanande, watu wa kabila la kina Wivine, wanasalimianaje asubuhi, na hilo halikuhusu kompyuta hata kwa mbali. Kufikia Pasaka akina mama wauza mikate wa mbele ya duka walikuwa wakimsogezea kiti wenyewe. Kila akija aliahidi kwamba anajikusanya, karibu atachukua ile ya pili, na Wivine alimwambia asijisumbue, hakuna haraka. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua na aliamini haimgharimu mtu.

Nyumbani kwa kila mmoja wao mambo yalikuwa mengine. Théogène alikuja Jumapili moja, na suruali iliyopigwa pasi, kumsalimu Papa Grégoire kwa heshima. Baba akamkaribisha soda, akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba kuna studio kule Himbi, ya mtu anayeitwa Carlos, wamemwahidi kumjaribu. Papa Grégoire akasema vizuri, akishapata hiyo kazi aje waongee. Lile jingine halikusemwa, kwamba lugha inayozungumzwa kwa mama yake Théogène siyo inayozungumzwa kwao, na kwamba ndugu wa Butembo walikuwa na mtu wao waliyemtazamia Wivine. Hata upande wa pili, Mama Athanasie, ambaye vita vya Rutshuru vilimfanya mjane na kumwachia mtoto huyo mmoja, alikuwa amemwambia mwanawe kwamba akioa mbali atakuwa amemzika akiwa hai. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye ile studio. Wote wawili walijua hivyo, ingawa hawakulisema kwa sauti.

Carlos alimpa harusi moja aihariri kwa siku tatu. Mashine yenye bareti moja ilikwama. Ikawashwa, ikakwama tena. Théogène alifikisha kazi siku moja baada ya muda, imekatika mwishoni, na Carlos akachukua mtu mwingine. Alipokuja dukani kumweleza Wivine, alijaribu kulifanya jambo la kuchekesha. Alisema labda mikono yake ni ya kulima tu, haikuumbwa kwa kazi hii. Wivine alisimama akiegemea meza. Mjane ilikuwa chini ya kiwiko chake, mbao mbili tu kati yao. Angeitoa, angelazimika kusema kwa nini ilikuwepo. Hakuitoa. Alimwambia pole, akamnunulia soda, na mlima ukalipuka siku tisa baadaye.

*

Alhamisi kulipopambazuka tangazo lilikuwa limeshafika kila mahali: watu wa Birere na mitaa ya jirani watoke mjini, moto unaweza kuwa chini ya miguu yao. Hakuna aliyebisha. Barabara ilijaa magodoro, mbuzi, chukudu za mbao za kusukuma zenye televisheni juu yake, wazee waliobebwa mgongoni. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imekatwa na lava, kwa hiyo Butembo kulikuwa hakuendeki. Waliobaki na njia walielekea Sake, au bandarini, au mpakani. Papa Grégoire alipata nafasi kwenye Fuso la mtu wa maharagwe anayekwenda Sake. Alifunga duka kwa kufuli tatu, akaenda kumwita dereva, akamwacha Wivine na mama yake, Mama Marcelline, barazani wakilinda mizigo.

Kabla ya kufuli ya tatu Wivine alikuwa ameingiza mkono kwenye mtoto wa meza. Sanduku lilikuwa ndani ya mkoba wake. Kwa nini alilichukua, wakati wameacha mali ya miaka kumi na tano mle ndani, asingeweza kukueleza.

Mama yake ndiye aliyemwona kwanza. Alimgusa Wivine begani, akatazama pembeni, akajifanya ana la kutafuta kwenye kapu. Théogène alikuwa anavuka barabara kinyume na watu, amevaa lile shati la Jumapili, limekuwa rangi ya majivu. Miguuni alikuwa na kandambili mbili zisizofanana.

 Wivine alikuwa amepanga maneno kwa siku tano na hakulipata hata moja. Alimtazama tu, uso, mikono, kila kimoja, kuhakikisha kipo. Macho yakamjaa, akayaacha.

"Simu iliungua," Théogène alisema. "Na nyumba."

"Mama yako?"

"Iko muzima. Iko kwa kanisa, inaningojea. Tunavuka mupaka leo, tunaenda kwa mujomba, Ruhengeri." Alizitazama kandambili zake. "Mama anasema hatutarudia Munigi tena. Mulima ilimubeba nyumba mwaka wa 2002, imemubeba nyumba sasa. Anasema ya tatu hataingojea."

"Na wewe?"

"Ana mimi tu, Wivine. Nitamuacha aende na nani?"

Alimuuliza atarudi lini, naye akasema hajui, na akasema hajui kwa namna ambayo ilionyesha ameshajiuliza mara nyingi zaidi yake. Ardhi ikatikisika. Mabati ya duka yakapiga kelele, watu barabarani wakasimama wote, wakangoja, wakaendelea. Hapo Wivine akaona kwamba muda wa kulificha jambo lake umekwisha. Akienda nalo Sake litamla huko.

"Théo, zile bareti zilikuwaka mbili."

"Mbili namna gani?"

"Mu carton. Zinauzishwaka pamoja, hatuzigawake. Na ya video ilihitaji zote mbili. Nilijua. Mimi ndiye nilizigawa." Alilitoa sanduku kwenye mkoba, akalifungua. "Ingine ni hii."

Théogène aliitazama ile bareti moja na ile nafasi tupu kando yake.

"Juu ya nini?"

"Juu urudie hapa."

Théogène alikaa chini kwenye ngazi ya duka. Alikaa kama mtu aliyetoka mbali, na hakuwa ametoka mbali. Wivine alibaki amesimama, sanduku mkononi, akitamani amkaripie, amtukane, chochote mradi jambo liishe.

"Siku nilikuya kukuambia Carlos amenikatala," Théogène alisema polepole, "hii ilikuwa wapi?"

"Mu tiroir, ku meza."

"Hapa?"

"Hapa."

"Nilimuambia mama sina akili ya hii kazi. Alilia. Alisema pengine ni Mungu, basi tuache." Alijipangusa uso, majivu yakabaki mistari. "Nilifikiri ni mimi, Wivine. Wiki mbili nzima nilifikiri ni mimi."

"Ni mimi."

"Ungeniambia tu urudie. Ningerudia bila sababu."

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko matusi ambayo angemtukana. Wivine alilia sasa bila kujificha, na Mama Marcelline, kule kwenye kapu lake, alizidi kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Msichana huyu alikuwa na uwezo wa kufufua mashine zilizotupwa. Alikuwa ametafuta kila upande, na hakuona mahali pa kuanzia. Studio imepata mtu wake. Kompyuta imekuwa jiwe. Mama Athanasie yuko kanisani na fungu lake la nguo za kupewa, anamngoja mtoto wake wa pekee.

Théogène aliingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa kitu kilichofungwa katika leso. Alikifungua juu ya goti. Ilikuwa bareti, na kijikaratasi bado kimebandikwa: 12/3, W.

"Moto ilikuwa imefika kwa jirani," alisema. "Mama alikuwa anakamata godoro. Mimi nilikimbia ku mashine. Unité nzima, na kasha yake, sikuiweza, ni nzito. Nikafungua upande. Ningechukua disque, kazi yangu yote ilikuwa humo, harusi ya watu tatu. Disque ina skrubu ine. Hii inatoka na vidole tu." Aliigeuza. "Na ni wewe uliiweka."

"Uliacha disque?"

"Niliacha disque. Mama hajanisemesha vizuri mpaka leo. Watu walitoka na sufuria, mimi nilitoka na hii."

Wivine alikaa kwenye ngazi kando yake. Alichukua ile bareti iliyonuka moshi, akaiweka katika nafasi yake ndani ya sanduku, karibu na mwenzake. Tangu mwezi wa tatu zilikuwa hazijakaa pamoja. Hawakuwa na mashine ya kuzitia. Walikaa wakizitazama, mabega yamegusana, na watu wakiendelea kupita mbele yao na mbuzi wao.

Hivyo ndivyo Papa Grégoire alivyowakuta.

Théogène alisimama haraka. "Wavukire, tata," alimsalimu, ile salamu aliyoijia dukani siku moja kwa kisingizio, na mzee akaiitikia kwa kuwa haiwezekani kutoiitikia. Kisha macho ya mzee yakashuka kwenye sanduku. Alikuwa mfanyabiashara, hakuhitaji kuelezwa. Aliona mkato wa zamani wa gundi, akaona ile tarehe kwenye bareti moja na nyingine haina kitu, akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Nani alifungua carton?"

"Mimi, papa."

Wivine alingoja kelele. Hazikuja. Papa Grégoire aliangalia kandambili za kijana, moja nyekundu na moja ya bluu, na uso wake ukalegea kidogo.

"Pole ya nyumba, kijana. Pole kwa mama."

"Asante, papa."

"Wivine, mupatie zote mbili."

 Mzee aliendelea kwa sauti ileile ya kawaida, ya mtu anayefunga hesabu kabla ya safari.

"Kosa ni yetu. Carton ilipaswa kutoka nzima. Achukue yote, aende nayo. Tusibakie na kitu ya mutu, na yeye asibakie na sababu ya kurudia ku mulango yetu. Hivyo kila mutu anaenda na moyo mweupe."

Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililomkata Wivine pumzi. Baba angekuwa amekasirika, wangepata la kumpinga. Alikuwa anatoa, tena bure, katika siku ambayo yeye mwenyewe anaacha duka lake juu ya moto. Utamwambiaje mtu huyo kwamba zawadi yake inakuua? Wivine alilifunga sanduku. Alilikabidhi kwa mikono miwili, jinsi alivyofundishwa kumkabidhi mteja mali yake, na Théogène alilipokea kwa mikono miwili, na vidole vyao vikakaa pamoja muda wa kuhesabu moja, mbili.

"Verifie," Papa Grégoire alisema. Kila mteja aliambiwa hivyo, ahakikishe mali yake kabla ya kutoka. "Tukisha kufunga, haturudishe."

Théogène akafungua, akatazama ndani, akafunga.

"Iko sawa, papa." Kisha akaliweka sanduku mfukoni. "Niwasaidie muzigo?"

Lori lilikuwa limeshaanza kupiga honi, na mgongo wa Papa Grégoire haukuwa wa kupandisha magodoro. Alisita, halafu akaitikia kwa kichwa. Théogène alipandisha godoro, akapandisha sufuria, kapu, gunia la mkaa, na mwisho fungu la nguo za Wivine lililofungwa kwa kitenge cha njano. Hilo lilimchukua muda zaidi. Alilibana vizuri kwenye kona, akalikaza fundo, akashuka.

Wivine alikuwa ameweka mguu kwenye tairi ili apande. Théogène alimpa mkono kumsukuma juu, na hapo, uso wake ukiwa karibu na bega la Wivine, akasema chinichini.

"Mimi nitakuwa ile ya polepole. Utaweza kungojea?"

Wivine alifungua mdomo. Baba aliita kutoka mbele, mtu akamvuta mkono kutoka juu, lori likajitikisa, na alipopata pa kushika na kugeuka, lilikuwa limeshatembea. Alimwona katikati ya watu akielekea upande wa Petite Barrière, mpakani. Hakugeuka. Labda hakuweza. Wivine alitazama lile shati la majivu mpaka mashati yote ya barabarani yakawa rangi moja, na jibu lake likiwa bado mdomoni.

*

Kufika Lac Vert lori lilisimama. Mbele walisema kuna foleni mpaka Sake, watu na magari na ng'ombe, na hakuna anayejua itafunguka lini. Dereva akazima mota. Jua likawaka juu ya vichwa vyao. Ardhi ilitikisika mara mbili, na mara ya pili mwanamke mmoja akaanza kusali rozari kwa sauti, wengine wakamfuata.

Wivine hakusali. Alikuwa ameweka kichwa juu ya magoti. Alifikiria kwamba simu ya Théogène imeungua, na namba za Ruhengeri hana, na jina la huyo mjomba hakuuliza. Alifikiria ile "ndiyo" ambayo haikutoka. Kama angeruka sasa na kurudi mbio, angekuta mpaka umejaa watu laki moja wenye majivu. Hakuna alichoweza kufanya. Aliliwaza hilo mara nyingi, kila mara akitumaini litatoka jibu jingine.

"Nipatie kikombe," Mama Marcelline alimwambia. "Iko mu nguo zako."

Alivuta fungu la njano. Fundo lilikuwa gumu kuliko alivyolifunga, akalifungua kwa meno. Aliingiza mkono kutafuta kikombe, na vidole vyake vikakutana na kitu chembamba kilichofungwa katika leso.

Hakuhitaji kukifungua, lakini alikifungua. 12/3, W. Harufu ya moshi ikampanda puani. Ni ile aliyoitia kwa mkono wake, ile iliyookolewa badala ya disque na harusi za watu watatu. Mjane alikwenda nayo Théogène, peke yake katika sanduku, kuvuka mpaka.

Alikuwa amegawanya sanduku.

Wivine aliibana ile bareti kifuani kwa mikono yote miwili, akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, kikawa vyote viwili kwa pamoja mpaka mwanamke wa rozari akapoteza mahali alipofikia. Mama Marcelline aliinama, akaona alichoshika.

"Hiyo si ilienda na yule kijana?"

Papa Grégoire alikuwa mbele na dereva, hakuweza kusikia. Wivine alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Aliifunga bareti katika leso yake, akaifunga leso katika pindo la nguo, fundo mbili.

"Ni ya client, mama," alisema. "Iko na garantie. Atakuja kuichukua."

Mama yake alitazama nyuma, kule walikotoka, barabara iliyojaa watu na moshi mwekundu juu ya mlima. Alikitoa kikombe mwenyewe kwenye fungu, akamimina maji, akampa binti yake kwanza.

"Basi ichunge vizuri," alisema.

Lori lilikuwa bado limesimama.